Aliyewashiwa Chetezo

Chetezo kilikuwa na joto. Si la kuunguza. Ni joto la kikombe ambacho mtu kamaliza chai sasa hivi akakiweka chini. Mardhiya alivua glavu ya mkono wa kulia, akakigusa tena kwa kiganja kitupu, kisha akaangalia saa ya ukutani kama anayetafuta shahidi. Saa nne asubuhi. Kasha lilikuwa limefunguliwa dakika ile ile, misumari imetapakaa sakafuni, na karatasi zilizokuja nalo zilisema kuwa chetezo kile hakijatiwa kaa la moto tangu mwaka elfu moja mia tisa na saba.

"Insiya, hebu njoo uguse hapa."

Insiya ndiye aliyeshika daftari la vitu pale makumbusho, msichana wa Kibohora mwenye miwani na mwandiko ambao watu walikuwa wakiutazama kwa raha tu. Akagusa.

"Kimeota jua, Bi Mardhiya."

"Ndani ya kasha?"

"Basi kimekaa karibu na injini ya ndege."

"Ndege imetua juzi, mwanangu."

Insiya akacheka, akaandika: hali nzuri, hakuna ufa. Joto hakuliandika, kwa sababu daftari halina pahala pa kuandika joto. Na wewe unayesoma, kama una kicheko, kicheke hapa pamoja na Insiya, maana huko tuendako sina cha kukuchekesha.

Chetezo chenyewe hakikuwa na makuu. Udongo mweusi, kimo cha shubiri moja, na vipembe vitatu ukingoni. Kilitoka pango la Mwanakombo, Jambiani, ambako watu wa zamani walikuwa wakimfukizia ubani jini wa hapo, wakimwomba mvua na kumpa habari za harusi na misiba yao. Akaja daktari mmoja wa Kizungu, akakitamani, akaondoka nacho. Miaka mia na kumi na saba kikakaa kwenye rafu ya ghala la chini ya ardhi huko Ulaya, tumboni kimeandikwa namba kwa rangi nyeupe, 4417. Aliyekirudisha ni Mardhiya, mtunzaji wa makumbusho yale. Miaka sita aliandika barua, akajibiwa kwa adabu, akaandika tena, akaambiwa Zanzibar kuna unyevu mwingi, akajibu kwamba huo unyevu ndio uliokifinyanga. Ungeujua ubishi wa mwanamke yule usingeshangaa kwamba mwisho wake waliochoka ni wao.

Kesho yake ilikuwa sherehe ya kukipokea. Waziri anakuja, televisheni zinakuja, na chetezo kinanuka. Kinanuka dawa za kuulia wadudu na karatasi kuukuu. Mardhiya akaona haya, haya hasa ya mwenye nyumba. Kwetu bibi harusi hufukizwa, mgeni hufukizwa, nguo ya sikukuu hufukizwa, hata maiti hatoki bila ya ubani. Leo mtu karudi kwao baada ya miaka mia, aingie ukumbini ananuka dawa ya mende?

Basi wenzake walipokwenda kusali adhuhuri, yeye akawasha makaa mawili kwenye ngazi za nyuma, akaingia nayo ndani, akayatia katika chetezo kilichokuwa mezani, akatupia na ubani. Alijua haifai. Vitu vya makumbusho havitumiwi. Somo hilo alikuwa akilifundisha yeye mwenyewe kila mwaka, na kwa ukali. Lakini mpe mwanamke wa Unguja chetezo, kaa na ubani, uone kama mkono wake utangoja ruhusa. Akasema kwa sauti ndogo, "Karibu kwenu."

Moshi haukupanda. Ulimwagika ukingoni, ukateremka kwenye mguu wa meza, ukatambaa sakafuni polepole mpaka miguuni pake, ukasimama. Kisha ukaingia chini ya buibui lake. Mardhiya akasema moyoni ni upepo. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

Nyumbani kwake ni Kiponda, ghorofa ya pili, na alikuwa akikaa na mama yake, Bi Tabia, mtu wa Jambiani aliyeletwa mjini na ndoa. Miaka minne sasa Bi Tabia alikuwa na maradhi ya kusahau. Alianza kwa kusahau birika motoni, akasahau njia ya Darajani, akasahau jina la mumewe, na mwisho akamsahau mwana mmoja tu aliyemzaa. Alikuwa akimwita "we bibi". "We bibi, kwenu hawakungoji?" Siku nyengine akimfukuza. Mardhiya akishuka ngazi, akakaa barazani dakika tano, akapanda tena na kupiga hodi upya kama mgeni. Hakuna aliyepata kumsikia akilalamika.

Jioni ile alipofungua mlango, mama yake aligeuza uso pale kitandani, akanusa.

"Mardhiya. Mbona leo umechelewa?"

Mfuko wa mkate ukamponyoka.

"N'nakuuliza wewe, umechelewa wapi? Na buibui gani hilo, limekupwaya kama la kuazima. Njoo hapa."

Akaenda. Alikwenda kwa magoti, mwanamke mzima wa miaka hamsini na nne, akaweka kichwa mapajani mwa mama yake, akalia mpaka kanga ikaroa. Bi Tabia akampapasa nywele akimuuliza nani kamuudhi, amtaje. Walikaa hivyo mpaka adhana ya magharibi. Harufu ya ubani ilipokwisha kwenye buibui, mkono ukasita kichwani.

"We bibi," akasema Bi Tabia. "Kwenu hawakungoji?"

Sherehe ikapita, hotuba zikatolewa, picha zikapigwa. Mardhiya hakusikia hata neno moja. Siku ile ile alirudi nyumbani akawasha chetezo chao cha jikoni, akamfukiza mama yake ubani uleule, wa kopo lilelile. Hola. Akajaribu udi, hola, mama hakumjua. Basi akajua kuwa kinachotakiwa ni kile chetezo cha pango.

Kabati la kioo la kukiwekea chetezo lilikuwa halijawa tayari. Seremala kila ukimuuliza ni kesho. Chetezo kikarudi stoo, na ufunguo wa stoo alikuwa nao Mardhiya. Aliandika daftarini: kinasafishwa. Akakifunga kwa kanga, akakitia kikapuni chini ya mchicha na ndizi mbivu, akapita nacho Mji Mkongwe wote mchana kweupe, akiitikia salamu za watu. Alijiambia ni siku mbili tu.

Ikawa kila siku baada ya alasiri. Anafunga dirisha, anatia kaa, anatia ubani, moshi unamwagika na kutambaa mpaka kitandani, na Bi Tabia anafumbua macho akiwa Bi Tabia. Lo, raha gani ile! Alimsuka mwanawe, mtu na mvi zake kakaa chini katikati ya magoti ya mama, huku akimsengenya shangazi aliyekufa zamani. Alimfundisha tena kupika mkate wa mofa, akamtukana kwa kuuharibu. Alimweleza siku aliyozaliwa, mvua iliyonyesha, mkunga aliyekuja kalewa usingizi. Mardhiya alikuwa akitoka kazini anakimbia, watu wakimuuliza mbona anang'ara hivi, kapata mchumba?

Lilikuwepo jambo moja tu lililouma. Siku ya kwanza Bi Tabia aliuliza, "Baba yako mbona hajarudi?"

Mzee alikuwa amekufa mwaka wa pili huo. Mkewe alikuwepo msibani, kakaa katikati ya wanawake akiuliza biriani ya nani. Mardhiya akamwambia kweli, na Bi Tabia akapiga ukelele wa mtu aliyefiwa dakika ile. Moshi ukaisha, akasahau. Siku ya pili akauliza, akaambiwa, akapiga ukelele uleule, kwa pumzi ileile. Siku ya tatu Mardhiya alisema, "Kenda msikitini, mama." Na tangu hapo mzee akawa yuko msikitini kila siku.

Unadhani hakuona mengine? Aliona. Mama alikuwa hali kitu, anakunywa maji tu, jagi baada ya jagi, na mifupa ya mabega ilianza kuonekana juu ya kanga. Chumbani mlikuwa na harufu ya mawe mabichi na mavi ya popo. Mlisikika tone la maji likidondoka, moja, kisha jengine baada ya muda mrefu, na chumba hakina mfereji. Nasima, jirani aliyekuwa akimwangalia mgonjwa mchana, alimngoja Mardhiya kwenye ngazi, akamshika mkono.

"Shoga yangu, mie siingii tena humo."

"Kuna nini?"

"Nimempigia mama yako hodi, sauti yangu imekwenda mbali, halafu imerudi. Chumba cha pima mbili, Mardhiya! Sauti inakwenda wapi?"

"Nyumba za zamani, Nasima. Kuta nene."

"Mie nimezaliwa katika nyumba za zamani," akasema Nasima, akashuka.

Hakumwita mwalimu wa kusoma. Mtu mwengine yeyote, kwa nusu ya hayo, angeshawaita walimu watatu na misahafu yao. Unajua kwa nini hakuita? Kwa sababu wangesoma, na kilichomo humo kingetoka. Nakuomba usimuhukumu haraka. Wewe hujaitwa "we bibi" na mama yako.

Kisha likaja la bafuni. Alikuwa akimkosha mama yake asubuhi, kamkalisha kwenye kibao, anamwagia maji ya vuguvugu kwa kata, na alipompitisha sabuni mgongoni aliona kitu cheupe chini ya mbavu, akadhani ni povu, akamwagia maji, hakikutoka, akasugua kwa kiganja, hakikutoka, akachukua dodoki akasugua mpaka ngozi ikawa nyekundu na mama yake akaanza kulia kama mtoto bila ya kujua kwa nini anaumizwa, na pale pale, katikati ya wekundu ule, ikabaki imetulia, kwa mkono mzuri wa mtu aliyekufa zamani huko Ulaya, namba nyeupe: 4417.

Siku ile hakuwasha chetezo. Alikifunika kwa beseni kubwa la chuma, akakaa mbele yake, mikono kaikumbatia. Ilipofika saa kumi na nusu beseni likaanza kulia, tii, tii, kama bati juani. Moshi ukatoka chini ya ukingo wake, na humo hamkuwa na kaa wala ubani. Wakati huohuo mlango wa chini ukagongwa. Alikuwa Insiya.

"Bi Mardhiya, samahani," akasema alipofika juu, ushungi wake umeloa jasho. "Kabati limeletwa. Nimekwenda stoo. Hakimo." Akanusa. Akalitazama beseni, akamtazama na mgonjwa. "Ya Allah. Umefanya nini?"

Bi Tabia alikuwa amekaa wima kitandani, yeye ambaye wiki nzima alikuwa hawezi kukaa bila ya mito miwili, na sauti iliyotoka kinywani mwake ilikuwa yake na si yake. Ilisema Kikae, lugha ya zamani ya kusini, na kila neno lilikwenda mbali likarudi.

"Yuko wapi Mwanajuma binti Pandu?"

Wanawake wawili wakashikana mikono.

"Yuko wapi Haji wa Makame? Yuko wapi bibi aliyekuwa akiniletea maua ya mlangilangi siku ya mwaka? Nimewaita wote. Kila siku nawaita, na anayeitika ni huyu kikongwe mmoja tu."

"Wamekufa," akanong'ona Mardhiya. "Zamani. Wamekufa wote. Tafadhali, mama yangu anachoka."

"Hakuna aliyekuja kuniambia." Tone likadondoka. "Walinichukua asubuhi, watu wakiwa pwani. Nikawekwa baridini, ndani ya giza, na mle gizani sikuwa peke yangu. Kulikuwa na ngoma ya watu wa mbali ambayo ngozi yake ilikuwa ikiugua kila jua likichwa kwao. Kulikuwa na mama wa mti wa kuchonga, ananyonyesha mtoto wa mti, akiimba wimbo mmoja miaka yote, na sisi wengine hatujui lugha yake, hatuwezi kumwambia pole. Kulikuwa na meno ya watu, na nywele za watu, na majina yao yamefutwa, yanaulizana, mimi nani, mimi nani, mimi nani, na juu yetu tukisikia nyayo za watoto wamekuja kutazama, wanacheka, kisha taa inazimwa, na sisi tunaanza tena kuita kwetu, kila mmoja kwao, mpaka asubuhi, na hakuna kwao kulikoitika, hata kumoja, hata siku moja, mpaka wewe uliponitilia kaa ukaniambia karibu."

Insiya alikuwa analia, miwani kaivua. Mardhiya naye alilia, na wallahi hakujua anamlilia nani.

"Nikaja," sauti ikasema. "Ukanifungia dirisha. Nao walikuwa wakinipenda, wale. Walinifuta vumbi kwa brashi laini. Na wewe unanipenda. Nyinyi watu mkipenda kitu mnakifungia."

Baada ya hapo mabega ya Bi Tabia yakashuka, akawa yeye, macho yake yako wazi na yamechoka mno.

"Mardhiya."

"Labeka, mama."

"Huyu mgeni wako mzito. Ananikumbusha mpaka yasiyokuwa yangu. Maiti wa watu, mwanangu, nnawazika kila siku, siwajui hata mmoja." Akashika mkono wa mwanawe. "Mrudishe kwao. Mimi si nyumba."

Kulikuwa na mtu mmoja wa kumwendea, na Mardhiya alimjua vizuri, na ndiyo maana aliona haya kumwendea. Ni Bi Shadya wa Jambiani, mjukuu wa mwanamke wa mwisho aliyelitunza pango. Wakati wa zile barua ndiye aliyetoa ushahidi kwamba chetezo ni chao, akauliza neno moja tu: kikija, kitaletwa huku? Mardhiya akamweleza habari za kabati la kioo, ulinzi, na wageni watakaokiona. Bi Shadya akasema, "Haya, tumeshayasikia," akarudi kwenye mwani wake.

Walikwenda siku ya pili kwa gari ndogo ya Insiya, mgonjwa kalazwa nyuma, chetezo mapajani mwa Mardhiya, kinamuunguza kupitia kanga mbili. Bi Shadya walimkuta anatoka pwani, kamba za mwani begani, maji yanamchuruzika, viganja vimepasuka kwa chumvi. Alimsikiliza Mardhiya mpaka mwisho, hakusema pole wala hakusema nilijua. Akamfunua Bi Tabia ubavu, akaitazama namba.

"Maji yanajaa saa kumi na moja na nusu na nina kamba nane hazijafungwa," akasema. "Twendeni."

"Utamtoa?" Insiya akauliza.

"Nimtoe nimpeleke wapi? Huyu kwao ni hapa. Anarudishwa." Akamgeukia Mardhiya. "Lakini simzimi mimi. Aliyemuwashia ndiye amzimie, tena mle ndani, kwa maji ya mle. Na kaa likizimika, bibi, limezimika. Unanifahamu?"

Mardhiya alimfahamu vizuri sana.

Pango la Mwanakombo liko nyuma ya kijiji, katikati ya mawe, mdomo wake mdogo hata lazima uiname. Walimbeba Bi Tabia kwa mkeka, hao watatu, na alikuwa mwepesi wa kutisha. Ndani kulikuwa na mwanga wa alasiri unaoingia kwa tundu la juu, na kidimbwi, na tone linalodondoka. Mardhiya akalitambua tone lile. Alikuwa amelala nalo wiki tatu.

Bi Shadya alimwonyesha jiwe la bapa lenye mviringo mweusi wa masizi. Chetezo kikakaa pale barabara, kama sufuria kwenye mafiga yake. Kikawaka chenyewe, makaa mekundu yakaonekana ndani bila ya mtu kuyatia. Bi Shadya akachota mchanga mbichi, akaisugua ile namba ya tumboni mwa chetezo kwa kidole gumba, bila ya haraka, mpaka ikatoka yote. Insiya, ambaye maisha yake ni kuandika namba kwenye vitu, alitazama tu.

Moshi ukamfikia Bi Tabia kwenye mkeka. Akafumbua macho, akatabasamu.

"Mardhiya. Mbona umekonda?"

Na hapo mwanamke yule akashindwa. Kata aliyopewa na Bi Shadya ilikuwa mkononi mwake na akashindwa. Aliishika kanga ya Bi Shadya kwa mkono wa pili kama mwombaji.

"Siku moja," akasema. "Nakuomba, Bi Shadya. Moja tu, nimuage vizuri. Sijamuaga."

"Yule daktari alimwambia bibi yangu hivyo hivyo, hapa hapa. Nipe siku moja nikitazame." Bi Shadya hakusema kwa ukali. Aliichomoa kanga yake polepole. "Muage sasa. Nakungojea."

Miaka minne ya maneno, na hata moja halikuja. Bi Tabia ndiye aliyesema.

"Baba yako kafa, au siyo?"

Pango likalirudisha neno.

"Kafa, mama."

"Kila siku unaniambia kenda msikitini. Msikiti gani huo hauna mwisho?" Akajaribu kuinua kichwa kwenye mkeka. "Mimi nilikuwepo?"

"Ulikuwepo."

"Nililia?"

"Hukulia. Hukujua, mama."

"Basi nshalia sasa. Nshamlilia yeye, nshawalilia na watu wa huyu bwana wote. Usinilize tena, mwanangu." Akampapasa shavu kwa vidole vilivyobaki mifupa. "Zima."

Mardhiya akainama, akachota maji kidimbwini, akayamwaga juu ya makaa.

Yalilia kidogo tu. Moshi ukapanda, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya ngazi za nyuma, ukapanda wima, ukajikunja darini, ukaingia kwenye ufa wa ndani kabisa ambako mwanga haufiki. Huko ndani ikasikika pumzi moja ndefu, ya mtu aliyetembea mbali sana akafika akakaa chini. Insiya akashika mdomo. Bi Shadya alikuwa ameshaanza kukung'uta mchanga mikononi. Alimfunua tena Bi Tabia ubavu, akatikisa kichwa kuridhika. Ngozi ilikuwa safi.

"Nitaandika nini daftarini?" Insiya akauliza.

"Andika ulichokiona," Mardhiya akasema. "Mimi nitatia saini. Wakinifukuza, wanifukuze."

Walitoka nje juani. Bi Tabia walimkalisha juu ya jiwe, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akaomba chakula. Bi Shadya akampa kipande cha muhogo, akakila chote, anatazama kuku, anatazama minazi. Uso wake ulikuwa mtupu, hauna msiba wa mtu yeyote. Macho yakatembea mpaka yakamfikia Mardhiya aliyesimama mbele yake, mvi zimetoka chini ya ushungi, masizi mpaka viwikoni.

Mardhiya akangoja lile neno. Alikuwa tayari kulipokea, "we bibi", alishajikaza.

Halikuja. Bi Tabia alikwenda mbali kuliko hapo safari hii. Pengine ni pango lililomfikisha huko, pengine ni kule kuwapo Jambiani kwao tu. Aliteremka kwenye jiwe kwa adabu, kama mtoto aliyelelewa vizuri anapomwona mtu mzima, akapiga goti kidogo, akauchukua mkono wa mwanawe kwa mikono yake miwili akaubusu.

"Shikamoo, bibi," akasema. "Hukumwona mama yangu?"

Insiya aligeuka akatazama pembeni. Mardhiya alisimama na mkono wake umeshikwa. Kisha akaiweka sauti yake sawa, akaufanya uso wake kuwa wa mtu mkubwa, asije akamtisha mtoto.

"Marahaba, mwanangu," akajibu. "Anakuja. Kaa na mimi tumngoje."